Unga wa Kahawia Kutoka Makapi ya Mpunga

Baba yangu alikuwa afande wa magereza. Kwao ni Lango, kaskazini mwa Uganda. Mama ni Msoga wa Budondo, karibu na Jinja. Kila mmoja alishindwa lugha ya mwenzake, kwa hiyo walikutana kwenye Kiswahili cha kambini, na hicho ndicho nilichokua nacho. Tulipohamia mtaa wa Walukuba, Jinja, watoto wa majirani walinisikia nikiongea na baba wakacheka, wakisema hiyo ni lugha ya wanajeshi na wezi, watu wa kuvunja milango. Mimi kwangu ilikuwa lugha ya vifaa. Kazi ya baba jela ilikuwa kuendesha karakana ya chuma, akiwafundisha wafungwa kuchomea mageti na kukereza vyuma, na majina yote ya tupa, jiriwa na msumeno niliyapata kwake kabla sijajua kusoma.

Nilifundisha kemia shule ya sekondari Jinja kwa miaka kumi na miwili. Nilifundisha kwa vitabu, majaribio mengi nikiyaeleza ubaoni bila kuyaona kwa macho yangu hata siku moja. Nilipofika miaka thelathini na minne niliacha kazi nikaenda Mbale kusomea shahada ya uzamili. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Kazi ya serikali, mtu mwenye akili anaacha?" Kisha akaenda kumwagilia nyanya zake. Kwa karibu mwaka mzima nikimpigia simu alikuwa akinisalimu vizuri, anauliza afya yangu, halafu anampa mama simu.

Nilipanga chumba mtaa wa Nkoma, kwenye nyumba iliyojaa wanafunzi walioniita mama. Kila asubuhi nilipanda boda kwenda chuoni, na siku moja, nilipokuwa nimetumwa kununua vitu upande wa Namatala, nilipita kwenye vinu vya mpunga. Nyuma ya kinu kimojawapo kulikuwa na kilima cha makapi kinachofuka moshi pembeni. Nilikuwa nimetoka kusoma kwamba mpunga hunywa silika kutoka ardhini, ile ile inayofanya mchanga kuwa mchanga, na kuihifadhi kwenye ganda lake. Nilimwambia mtu wa boda asimame. Nilishuka, nikachota makapi kwa mkono, nikarudi nayo chuoni yamefungwa kwenye leso.

Hapo inabidi nieleze nilikuwa nikiwaza nini. Betri ya lithiamu, ile iliyo ndani ya simu na ndani ya boda za umeme, ina upande hasi unaotengenezwa kwa grafiti, kaboni kama ya ndani ya penseli. Ukichaji, lithiamu huingia humo na kukaa; ukitumia, hutoka. Silikoni, iliyo ndani ya silika ile, inaweza kubeba lithiamu mara kadhaa zaidi ya grafiti. Ubaya wake ni kwamba ikiibeba inavimba hadi zaidi ya mara tatu ya ukubwa wake, na lithiamu ikitoka inanywea. Ikivimba na kunywea mara chache inapasuka, na betri inakufa. Watu wa maabara duniani wamegundua kwamba ukiifanya silikoni iwe ya chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa jicho, zenye matundu katikati yake, inavimbia ndani ya nafasi yake yenyewe na haipasuki. Sasa ganda la mpunga lina matundu hayo tayari. Mmea umeshaifanya kazi hiyo shambani. Kilichobaki ni kuondoa oksijeni kwenye silika na kubakiza silikoni bila kuyaharibu yale matundu.

Msimamizi wangu, daktari wa kemia aliyekuwa mtu mzima, mpole na mwenye mashaka, alinitazama juu ya miwani. "Hapa petu?" aliniuliza. Nikamwambia hapa petu. Akasema nijaribu mpaka mwisho wa muhula.

Nilirudi Namatala kuomba gunia zima. Mwenye kinu alikuwa Hajati mmoja mwembamba, amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, vumbi la mpunga limemkaa kwenye nyusi.

"Makapi?" alisema. "Wengine wanachukua ya kuchomea matofali. Wengine ya kutandikia kuku. Wewe una kuku?"

"Sina kuku, Hajati. Nataka kutoa humo kitu cha kutengenezea betri."

Alitazama kilima chake cha makapi. "Chukua gunia. Ukipata hiyo betri uje unionyeshe. Ukikosa pia uje useme, nijue wewe ni mtu wa namna gani."

Sehemu ya kwanza ilienda vizuri. Nilichemsha makapi kwenye asidi kuondoa uchafu, nikayaosha, nikayaanika, nikayachoma kwenye tanuri la umeme mpaka yakawa majivu meupe kama unga wa muhogo, ila kila kipande cha jivu bado kina umbo la ganda la mpunga. Nilikaa nikakiangalia kimoja kwa kioo cha kukuza, mistari yake yote ipo, na nikajihisi mtu mwenye bahati.

Sehemu ya pili ilinishinda. Ili kuondoa oksijeni unachanganya majivu yale na unga wa magnesi, unaufungia mchanganyiko ndani ya chombo cha chuma kilichojazwa gesi ya argoni, kisha unakipasha moto mpaka chuma chenyewe kiwe chekundu. Hewa haitakiwi kuingia hata kidogo. Chombo changu kilikuwa kipande cha bomba chenye vifuniko vya kukaza kwa mkono, na kilivuja. Nilijua kimevuja kwa sababu nilipomimina maji kwenye kilichotoka, harufu ya amonia ilinipiga puani mpaka machozi yakanitoka. Magnesi ilikuwa imekula naitrojeni ya hewani badala ya oksijeni ya silika. Safari nyingine nilizidisha magnesi, na nilipotia asidi, cheche ndogo za moto zikawa zinaruka juu ya maji, pa, pa, pa. Gesi iliyotoka mle huwaka yenyewe ikikutana na hewa. Nilikuwa na miwani na koti, na sikuungua, lakini msimamizi wangu alisikia kule ofisini kwake akaja.

Alisimama akaangalia mpaka cheche zikaisha. "Badilisha mada," aliniambia, bila ukali. "Tengeneza kaboni kutokana na makaa. Utapata shahada yako. Hii inataka vyombo ambavyo hatuna."

"Naomba likizo ipite kwanza, daktari."

"Likizo ni wiki tatu."

"Zinatosha," nilisema, ingawa sikuwa na hakika ya lolote.

Nilipanda basi kwenda Jinja, bomba langu limefungwa kwenye kanga ndani ya begi. Baba alikuwa ameketi barazani Walukuba. Nilimwekea lile bomba mezani. Alilichukua, akazungusha kifuniko, akakipulizia, akasikiliza.

"Nani ametengeneza hii kitu?"

"Nimenunua, baba."

"Hii ni bomba ya maji. Inaweza kuzuia maji. Hewa ni kitu ingine." Kisha akasema, "Eleza. Unataka kufanya nini hasa?"

Nilimweleza. Hakuwa amewahi kuniuliza, nami sikuwa nimewahi kumwambia. Nilipofika pale pa silikoni kuvimba, alinyoosha mkono kunisimamisha.

"Ngoja. Wadi ya jela imejengwa kwa watu hamsini. Unaleta mia mbili. Ukuta unapasuka."

"Ndiyo hivyo, baba."

"Na wewe unataka wadi yenye nafasi ndani, hata wakija wote ukuta unabaki."

"Ndiyo hivyo."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. Alikuwa ameyaona hayo kwa macho yake kwa miaka thelathini. Akaingia ndani, akatoka na kofia yake. "Twende. Kuna mtu ana mashine ya kukereza."

Tulitembea mpaka karakana moja upande wa barabara ya viwandani. Tulipokaribia geti, baba alipunguza mwendo, kisha akasimama kabisa. Nilidhani amechoka.

"Huyu mtu alikuwa mfungwa wangu," alisema. "Miaka sita. Kila jioni mimi nilimfungia mlango. Tangu atoke sijakanyaga hapa." Alivua kofia akaivaa tena. "Sijui kama atapenda kuniona."

Nilisukuma geti, tukaingia. Ndani tulimwona mwanamume mnene wa makamo ameinama kwenye mashine, amepakaa mafuta mpaka viwikoni. Aliinua macho, akazima mashine. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akasimama wima kabisa kama yuko gwaride.

"Afande."

"Acha afande. Mimi ni mzee tu sasa."

"Ndiyo, afande." Akavuta benchi, akalipangusa vumbi kwa mkono wake. "Keti hapa. Hii mashine ni ndugu ya ile ya kule ndani. Nilitafuta miaka minne mpaka nikapata ya aina ile, kwa sababu ndiyo ulinifundishia. Watu wanauliza chuo gani nilisoma. Nawaambia nilisoma kwa afande."

Baba aliketi. Nilipomwona akipapasa mfukoni kutafuta leso, niligeuka nikajifanya nasoma kalenda ukutani.

Yule fundi aliniita madamu tangu siku hiyo. Alichukua fimbo nene ya chuma kisichoshika kutu, akaichimba tundu katikati kwa siku mbili, akakereza kola, ule ukingo mpana wa mdomoni, na kifuniko chenye bolti nane. Baba alikaa pembeni yake kwenye benchi akisema "kidogo", "rudisha", "hapo hapo". Fundi alikuwa bora kuliko baba alivyopata kuwa, na wote wawili walilijua hilo, lakini kila baada ya kukata alitoa chombo akampa baba apapase kwa kidole gumba.

Kupima kama kinavuja kulifanyika nyumbani. Mama alichemsha maji kwenye sufuria lake kubwa la misiba, akilalamika kwamba hajawahi kuona watu wakipika chuma. Baba alifunga chombo kikiwa baridi, akakizamisha kwenye maji ya moto. Hewa ya ndani ikipata joto inatanuka, na kama kuna upenyo, inatoka kama mapovu. Tuliinamia sufuria watatu, baba, fundi na mimi. Baada ya dakika moja mnyororo wa mapovu madogo ulianza kupanda kutoka upande mmoja wa kifuniko.

Fundi alisema atakereza upya. Baba alikataa. "Chuma kwa chuma haitakaa. Weka shaba katikati."

Fundi alikata pete ya shaba. Tukazamisha tena, mapovu yakapungua, hayakuisha. Baba alifikiri, kisha akaichukua ile pete kwa koleo, akaiweka kwenye makaa ya jiko la mama mpaka ikawa nyekundu, akaitumbukiza kwenye maji baridi.

"Shaba si kama chuma," alisema. "Chuma ukikifanya hivi kinakuwa kigumu. Shaba inalegea. Ikilegea, ukiikaza inaingia kwenye kila mkwaruzo."

Alikaza bolti mwenyewe, ya huku kisha ya kule, polepole, kama mtu anayefunga gurudumu. Chombo kikazama. Tulingoja mpaka maji yakaanza kupoa. Hapakupanda povu hata moja. Mama aliuliza kama sasa anaweza kurudishiwa sufuria.

Asubuhi nilipokuwa naondoka, baba alinibebea begi hadi kwenye steji ya basi, ingawa chombo kile kilikuwa kizito na mgongo wake ni mbovu. "Ile kazi uliyoacha," alisema akiangalia barabara, "mwingine anaifanya. Hii hakuna mwingine. Nimeona." Ndiyo maneno yote aliyosema kuhusu jambo hilo, kisha akanipandishia begi kwenye basi.

Mbale, jaribio la kwanza na chombo kipya lilinipa silikoni. Hapakuwa na amonia wala cheche. Lakini ilitoka kama madonge ya kijivu yanayong'aa, na nilipoitia kwenye betri, zile ndogo za duara kama za saa, ilikufa kabla haijafika mara ya kumi ya kuchajiwa. Niliielewa sababu baada ya siku mbili za kujilaumu. Magnesi inapopokonya oksijeni hutoa joto lake lenyewe, joto kali kuliko la tanuri, na joto hilo lilikuwa limeyayeyusha matundu yote yakawa donge. Chombo kilikuwa kizuri. Moto wa ndani ndio uliozidi.

Dawa nilikuwa nimeisoma zamani nikaipuuza kwa sababu ilionekana rahisi mno. Ni chumvi, hii ya mezani. Ukiichanganya kwa wingi, inapoyeyuka hulinywa lile joto, na mwishoni unaiosha kwa maji inaondoka. Nilinunua pakiti kwenye duka lililo chini ya chumba changu Nkoma, nikaikausha, nikaisaga, nikachanganya. Nilichoma pete ya shaba ikalegea, nikakaza bolti nane, ya huku kisha ya kule.

Kilichotoka baada ya kuosha kilikuwa unga laini wa kahawia, kama kakao. Niliupaka kwenye karatasi ya shaba pamoja na kaboni kidogo na gundi, nikaukausha, nikakata viduara, nikavifunga kwenye betri ndani ya sanduku la maabara lenye glavu za kuingizia mikono, ambalo hewa haiingii. Kisha nikaunganisha na mashine ya kupimia, ambayo huchaji betri na kuimaliza chaji, kuchaji na kumaliza, siku baada ya siku, ikichora kwa kila mzunguko nukta moja ya kiasi betri ilichobeba.

Nukta za kwanza zilishuka. Hilo nililitarajia. Asubuhi ya tatu mstari ulikuwa bado unashuka na sikunywa chai. Asubuhi ya tano ulikuwa umelala. Nilifikiri mashine imekwama, nikaangalia waya, nikaangalia saa. Mashine ilikuwa inaendelea. Mzunguko wa thelathini, arobaini, hamsini, mstari umelala kama meza. Msimamizi wangu alianza kupitia maabara kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini, anasimama nyuma yangu, anaangalia mstari, anaondoka. Siku nukta ya mia moja ilipojichora tulikuwa wote wawili pale, na silikoni ilikuwa bado inabeba zaidi ya mara mbili ya kile ambacho grafiti hubeba.

Alivuta kiti akaketi. "Nilikuambia ubadilishe mada," alisema.

"Ndiyo, daktari."

"Nilikosea. Andika hivyo kwenye daftari lako la maabara, na tarehe. Nitatia sahihi."

Nikaandika, naye akatia sahihi. Kisha akaomba kuona unga wenyewe, akafungua kichupa, akautikisa kwenye mwanga wa dirisha, na nikamwona akitabasamu peke yake.

Jumamosi nilienda Namatala. Nilikuwa nimetengeneza betri moja nyingine, hii kamili kama ya simu, yenye upande hasi na upande chanya, nikaiunganisha na taa ndogo nyekundu. Hajati aliishika kwa ncha za vidole. Nilimwambia hii ndani yake ina makapi yako. Aliiangalia taa, akaifunika kwa kiganja aone vizuri kwenye kivuli, akaiangalia tena. Akawaita wanawake waliokuwa wakipepeta mchele waje. "Mtu wa makapi amerudi," aliwaambia. "Ni mtu mkweli." Tangu siku hiyo wafanyakazi wake walikatazwa kuchoma kile kilima, naye akakifunika kwa turubai.

Siku ya kutetea kazi yangu mbele ya watahini, ukumbi ulijaa kuliko nilivyotegemea. Baba alikuja na suti yake ya kijivu, medali za magereza kifuani, na fundi alikuwa kando yake amevaa shati jeupe ambalo mikunjo ya kiwandani bado ilionekana. Nilizungumza kwa Kiingereza kwa muda wa saa nzima. Mtahini mmoja, profesa mwanamke aliyekuja kutoka chuo kingine, aliuliza maswali magumu kuhusu gundi na kuhusu unene wa mpako, nami niliyajibu. Kisha akafungua ukurasa wenye picha ya chombo.

"Hiki kimeagizwa wapi? Sioni jina la kampuni."

"Hakikuagizwa. Waliokitengeneza wamekaa nyuma."

Aligeuka. Ukumbi mzima uligeuka. Fundi akasimama wima, mikono ubavuni. Profesa alimwuliza kwa Kiingereza anazuiaje uvujaji kwenye joto lile, fundi akanitazama, nami nikamtafsiria. Akaeleza habari ya pete ya shaba kwa Kiswahili chake cha karakana, akionyesha kwa vidole, na alipofika pa kulegeza shaba motoni akasema, "Hii ni akili ya afande," akamshika baba begani. Baba naye akalazimika kusimama. Profesa aliandika kwa muda. Halafu akasema maabara yake ina vyombo viwili vya kutoka ng'ambo na vyote vinavuja, na akauliza kama karakana ile inaweza kumtengenezea vinne. Niliwatafsiria. Fundi alimtazama baba, baba akamtazama fundi.

"Vikubwa kuliko hiki, au sawa?" baba aliuliza.

Nilifaulu bila kurudishiwa kitu ila makosa ya tahajia. Msimamizi wangu alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili na kuniambia kwamba idara inanitaka nibaki nifundishe, na kwamba safari hii majaribio hayatakuwa ya ubaoni.

Nilikuwa nimepanga kuwapeleka baba na fundi kwenye hoteli tule nyama. Walikataa. Walitaka kwanza duka la vyuma, kabla halijafungwa, kwa sababu walisikia kwamba Mbale kuna fimbo za chuma nzuri kuliko za Jinja, za kutengenezea vile vyombo vinne. Basi tulikwenda, baba na medali zake, mimi na gauni langu la sherehe. Fundi alitoa sumaku mfukoni akaanza kuigusisha kwenye fimbo moja baada ya nyingine. Ile ambayo sumaku iliishika aliisukuma kando, kwa sababu chuma kizuri kisichoshika kutu hakivutwi na sumaku. Baba alichuchumaa na suti yake, akazigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza.

Mwenye duka alituuliza tumetoka harusi gani.

"Hakuna harusi," baba alimjibu, bila kuinua kichwa. "Binti yangu ametengeneza silikoni." Kisha akaigonga fimbo nyingine, akasikiliza, akaivuta kutoka kwenye rundo, nasi watatu tukaishika tukaitoa nje.